Mikoko ya delta ya Rufiji: Landsat, Sentinel-2 au rada? Naomba ulinganisho

Mwanakibiti
Wakuu, habari za kazi. Nimepewa kazi ya kuchora ramani ya mikoko ya delta ya Rufiji, upande wa kaskazini, vijiji vya Nyamisati na Salale. Kamati ya kijiji inataka ione mikoko iko wapi na wapi imegeuzwa mashamba ya mpunga. Bajeti hakuna. Nina laptopu moja, akaunti ya Google Earth Engine (huduma ya kuchakata picha za setelaiti mtandaoni) na bando la kuungaunga.

Nimeshika picha za setelaiti za aina tatu, zote za bure. Landsat ina historia, maana kihisi chake cha mita 30 kipo tangu 1982. Sentinel-2 ina pikseli (vimraba vinavyounda picha) za mita 10 na inarudi kila baada ya siku 5, ila imeanza 2015 tu. Sentinel-1 ni rada, haijali mawingu, lakini nikiifungua naona chenga tupu kama TV ya zamani isiyoshika stesheni.

Nilianza na Sentinel-2. Ramani ikatoka kijani safi. Nikaipeleka kijijini, mzee mmoja akaweka kidole juu ya kipande nilichoandika "mikoko minene" akasema, "Hapa? Hapa nimelima mimi mpaka nikapachoka." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje.

FundiPikseli
Mkuu, bado Sentinel-2 ndiyo jibu. Tatizo ni msimu uliochagua, picha haina kosa. Masika kila kitu ni kijani. Chukua Julai mpaka Septemba, mpunga umeshavunwa na mabua yamekauka, wakati mikoko haipukutishi majani. Tumia bendi (tabaka za picha, kila moja na aina yake ya mwanga) za mwekundu wa ukingoni, red edge, na za infraredi fupi, SWIR. Hizo ni mita 20, lakini ndizo zinazotofautisha jani la mkoko lenye tope na maji chini yake na jani la msitu wa nchi kavu. Kisha kata kila kilicho mwinuko mkubwa kwa data ya SRTM, vipimo vya mwinuko wa ardhi vya mwaka 2000, miembe na minazi ya vilimani itajitoa yenyewe.

Landsat weka kwa ajili ya zamani tu. Pikseli moja ya mita 30 ni mita za mraba 900, shamba dogo linazama humo. Na jihadhari na Landsat 7 baada ya Mei 2003, picha zake zina mistari mitupu, kifaa chake cha kusawazisha mstari kiliharibika.

Dada_Rada
Kaka Fundi, nakubaliana nawe nusu. Hicho kipande cha mzee hakitaondoka kwa kubadilisha msimu. Shamba la delta likiachwa haliwi jangwa, linaota makangaga na magugu ya kutambaa, kijani mwaka mzima. Kihisi cha mwanga kinaona ngozi tu. Ngozi ya kangaga na ngozi ya mkandaa mdogo, aina mojawapo ya mikoko, kwa juu ni ndugu.

Rada inauliza swali jingine: kuna kitu gani kimesimama hapo? Ila lazima utofautishe rada na rada.

Sentinel-1 inatumia mawimbi mafupi, kama sentimita 5 na nusu. Hayo yanagonga majani na vijiti vya juu, basi, hayaendi mbali. Kwa hiyo kangaga lililoshonana nalo litang'aa, utadanganyika tena. Faida yake ni kwenye mpunga wa sasa. Panga picha za mwaka mzima kwa tarehe, angalia pikseli moja. Shamba likifurikishwa linakuwa jeusi, maana maji tulivu yanatupa wimbi upande wa pili. Mpunga ukikua linapanda taratibu, likivunwa linashuka. Mikoko inakwenda mstari mmoja, haina habari. Mchoro wa mlima na mchoro wa meza, mtoto wa shule anaona tofauti. Na zile chenga zinapungua ukishachukua wastani wa picha kumi na zaidi.

Kwa kangaga unahitaji mawimbi marefu, ya kama sentimita 24, yaani rada za PALSAR za Wajapani. Shirika lao la JAXA linatoa mozaiki (picha zilizounganishwa kuwa moja) ya kila mwaka bure, mita 25, ipo humo humo kwenye Earth Engine. Wimbi hilo linapita majani, linagonga maji na tope chini, linagonga shina, linarudi na nguvu. Kangaga halina shina la kurudisha kitu.

Tahadhari moja: mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayoshuka kama miguu ya buibui, unalivuruga wimbi hilo. Msitu mzuri wa mkoko unaweza kuonekana hafifu kuliko wa mchu, aina nyingine ya mikoko. Usikimbilie kuandika "umekatwa".

FundiPikseli
Sasa kama ni PALSAR, si achukue tu ramani ya Global Mangrove Watch? Imejengwa kwa rada za Wajapani za mawimbi marefu kama hizo na ina miaka kadhaa kuanzia 1996.

Dada_Rada
Aichukue, ndiyo, ila kama mahali pa kuanzia. Ile ni ramani ya dunia nzima. Ukitaka kumwambia mzee shamba lake liko wapi, dunia nzima haimsaidii. Itumie kuokota sampuli za katikati ya msitu ambako hakuna ubishi, halafu pembezoni ufanye kazi yako mwenyewe.

MtotoWaNahodha
Nawasalimu kutoka Lamu. Mwazungumza setelaiti siku nzima na hakuna aliyetaja maji!

Huku kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne. Rufiji ni pwani hiyo hiyo, haipishani sana. Sasa Sentinel-2 na Landsat hupita lini? Kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kila mara, haziendi saa nyingine. Kwa hiyo picha ya siku ya bamvua siku zote ni ya maji yaliyokupwa, na picha ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, ndiyo itakayokuonyesha maji yamejaa, tena kujaa kwenyewe ni kwa uvivu. Bamvua lililofurika hadi mwisho halimo kwenye picha hizo, hata ukizikusanya miaka ishirini.

Maana yake nini kwa ramani yako? Ukichanganya picha za mwezi mzima na kuchukua thamani ya katikati, kando zote za mikoko zinakuwa uji. Tope, maji, miche ya mlilana inayoota mbele kabisa, vyote rangi moja. Mimi hufanya hivi: naweka jedwali la maji mezani, natenga picha za bamvua peke yake na za maji mafu peke yake. Tofauti ya mafungu hayo mawili ndiyo tope linalofunikwa na kufunuliwa. Hiyo safu ukiingiza kwenye uainishaji inasaidia kuliko kuongeza setelaiti ya nne.

Rada ya Sentinel-1 yaja alfajiri au magharibi, kwa hiyo yaona maji ya saa nyingine. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko habari ya mawingu.

Dada_Rada
Hapo umenifunga, kaka. Na ndiyo maana ule mng'ao wa maji na shina unapanda na kushuka bila mti hata mmoja kukatwa. Miaka yote nilikuwa naita "kelele".

MzeeMazio
Vijana, mimi nimekata boriti delta hiyo wakati kibali kilikuwa kinatoka. Mkataji haangushi msitu, anachagua. Leo fito, kesho mazio, keshokutwa boriti nene ya mkoko au msinzi, na juu majani yanaziba tena. Hicho chombo chenu cha mita 10 kitaona?

FundiPikseli
Shikamoo mzee. Hapana, hakitaona. Mita 10 zinaona shamba, haziwezi kuona kisiki. Hapo ni droni yenye kibali au miguu.

Mwanakibiti
Nimerudi, wakuu. Nimefanya kama mlivyosema: Sentinel-2 ya kiangazi, mafungu mawili ya maji, Sentinel-1 ya mwaka mzima kwa mpunga, PALSAR kwa kusimama kwa miti. Landsat nimeiacha kwa swali la lini palikatwa. Kile kipande kimegawanyika. Ukanda mwembamba kando ya mkondo umebaki mikoko, kilichobaki kimetoka kijani kwenye mwanga na cheusi kwenye PALSAR. Kuna kona moja sielewi, nyeusi kidogo, inaweza kuwa kangaga, inaweza kuwa ule mkoko wa mizizi ya buibui. Jumamosi ni bamvua, nataka niende kuangalia maji yakipwa. Mzee Mazio, unaweza kunisindikiza? Nauli ya mtumbwi juu yangu.

MzeeMazio
Nitakuja. Saa tatu tuwe tumeshaondoka, tukichelewa mtumbwi utalala kwenye tope. Na vaa viatu vya kufunga kamba. Kandambili ukizama nazo kwenye mchu, ndiyo umeziaga.