Msaada wakuu: apu yangu ya kalenda inabadilisha tarehe saa tisa alasiri

fundi_tanga: Habari zenu wakuu. Natengeneza apu ndogo ya kalenda ya madrasa yetu, mtu aone tarehe ya kawaida na ya Hijria pamoja. Nilishauriwa kila siku niihifadhi kwa namba ya Julian, yaani siku zinahesabiwa mfululizo bila mwezi wala mwaka, halafu naigeuza kwenda kalenda yoyote. Natumia julianday, amri ya SQLite (programu ya kuhifadhi data) inayotoa namba hiyo, nakata desimali. Sasa asubuhi apu inaonyesha jana, ikifika saa tisa alasiri inaruka yenyewe kwenda leo!! Nikiiuliza 1 Januari 2000 inasema Ijumaa wakati ilikuwa Jumamosi. Siku ya tatu hii, nakosea wapi?

mzee_wa_data: Pole mkuu. Siku ya Julian inaanza saa sita mchana, wataalamu wa falaki hawakutaka tarehe iwabadilikie usiku katikati wakiwa wanatazama nyota. Kwa hiyo hiyo 1 Januari 2000 ikiingia saa sita usiku SQLite inakupa 2451544.5, ukikata desimali unabaki na 2451544 ambayo ni ya jana yake. Jumlisha 0.5 kwanza NDIO ukate. Na hizo saa ni za Greenwich, saa sita yao ya mchana kwetu ni saa tisa alasiri, ndo maana.

binti_pwani: Na masaa yetu matatu uyaongeze, la sivyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku itaonyesha jana tena na hutaiona maana umelala. Siku ya wiki gawanya hiyo namba ya Julian kwa 7, baki 0 ni Jumatatu. Mimi naongeza 2 kabla ya kugawanya ili 0 iwe Jumamosi, inakwenda na majina yetu, mosi, pili, tatu.

fundi_tanga: Imekuja 2451545, Jumamosi! Asanteni sana jamani. Hijria je, nitumie lile jedwali la kukokotoa miezi bila kuangalia mwandamo, linalojirudia kila miaka 30 ya Hijria, yaani siku 10631?

mzee_wa_data: Litumie la kuanzia tu. Mwezi ukiandama 29 na jedwali linasema 30 wazazi watakupigia simu usiku huohuo. Muwekee ustadhi sehemu ya kusogeza mwanzo wa mwezi siku moja, namba ya Julian usiiguse kabisa. Halafu ikishaadhiniwa magharibi Hijria iende kesho, ya kawaida ibaki palepale.