Mtu mzima kakalia farasi wa mama yangu huko mlima Kailash, leo anatuposti "nimepanda kwa miguu yangu"!!!

Kisutu_Kwetu

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Video nimeiona sasa hivi kwenye grupu, chai yangu bado ya moto mezani.

Sitaji jina. Hakuna haja, mnamjua. Yule anayekusanya watu kila mwaka kuwapeleka kuhiji, yule wa miwani ya jua hata ndani ya hekalu, ambaye huwezi kumsalimia bila kuhesabiwa safari zake. Ndiyo. Huyo huyo.

KAKALIA FARASI WA MAMA YANGU.

Kwa msiofahamu: Kailash iko Tibet magharibi, mita 6,638, na ule mlima haupandwi, unazungukwa. Sisi Wahindu tunaamini ndiko aliko mungu wetu Shiva. Wabuddha, Wajaini na watu wa dini ya Bon nao kila mmoja ana yake pale. Mzunguko ni kilomita 52. Siku ya kwanza unatoka Darchen unafuata bonde la mto Lha Chu, unalala Dirapuk. Siku ya pili ndiyo kiama chenyewe: unaamka gizani kupanda mpaka Dolma La, pale njia inapovuka juu kati ya milima, mita 5,630, ambako hewa ni kama nusu ya ile ya Dar. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu unainuka unatweta kama aliyepandisha gunia la mkaa ghorofa ya nne.

Mama ana miaka 68. Mzaliwa wa Tanga, na tangu nina akili zangu namsikia akiitaja Kailash. Mwaka huu 2026 ni Mwaka wa Farasi kwa kalenda ya Kitibeti. Unakuja mara moja kila miaka 12, na wenyewe wanaamini mzunguko mmoja wa mwaka huu una thawabu za mizunguko 13. Mama akauza bangili zake. Magoti yake hayafai, kwa hiyo pale Darchen tukamkodia farasi na kijana wa kushika kamba. Zile yuan, hela za Kichina, tulilipa mbele ya kundi zima, na huyo bwana ndiye aliyezihesabu kwa mkono wake! Farasi wa kijivu, kengele shingoni. Mama akatandika khanga yake juu ya tandiko maana lilikuwa linamkwaruza.

Siku ya kwanza sina neno. Mama juu ya farasi anaimba, Watibeti wanampungia mkono, jioni tukauona uso wa kaskazini wa mlima mweupe wote, mama akakaa kimya mpaka nikaogopa.

Sasa ile alfajiri. Giza, baridi ya kugandisha mate mdomoni. Mama kaenda kujisaidia, na kwa umri ule, magoti yale na barafu ile si jambo la haraka. Anarudi, namshika mkono, tunafika wanapofungwa farasi. Hayupo. Natazama juu naona taa ya kichwani inapanda, nasikia kengele, na sauti ya huyo bwana: "Mama, pumzika kwanza! Nawahi mbele, farasi atarudi kukuchukua!"

Farasi atarudi!

Wakuu, farasi wa Kailash hawarudi. Wanavuka Dolma La, abiria anashuka maana upande wa pili mteremko ni mkali mno, wanaendelea bondeni mpaka Zutulpuk. Mtu anayekwenda kila mwaka hajui hilo? Anajua. Alijua wakati anakanyaga kikuku cha tandiko. Alijua wakati anakalia khanga ya mama yangu kwa makalio yake yale.

Tukasubiri. Pakakucha. Mama akasema twende kwa miguu, akajaribu, magoti yakakataa, msaidizi wa kiongozi akasema hapana, mama arudi.

Na kurudi kwenyewe mnakuelewa? Sisi tunauzunguka mlima ukiwa mkono wa kulia. Ukirudi njia uliyojia, mlima unakuwa kushoto. Wanaokwenda hivyo ni wafuasi wa Bon, na kwao ndiyo ibada. Kwa mama yangu ilikuwa msiba. Alilia bonde zima. Kila kundi la mahujaji tunakutana nalo uso kwa uso. Mama mmoja wa Kitibeti, uso umechomwa na jua, akadhani tumepotea. Akamshika mama mabega, taratibu kabisa, akamgeuza, akamwonyesha kwa kidole upande wa kwenda. Mama akasimama hivyo, kageuzwa, machozi yanamtoka. Mimi nitamweleza nini yule mama, na kwa lugha gani? Kwamba kuna mtu yuko juu kule amekalia farasi wetu?

Nikanyamaza. Mama alisema tunyamaze, tumwachie Mungu. Tumerudi nyumbani tumenyamaza. Halafu LEO anaposti video! Yuko Dolma La, bendera za maombi nyuma yake, anasema: "Hatua kwa hatua, kwa miguu yangu hii miwili. Penye nia pana njia." Na chini kwenye kona kuna MASIKIO MAWILI YA KIJIVU. Anajirekodi yuko juu ya farasi! Isimamishe sekunde ya tisa utaona pindo la khanga. Watu wamemjazia mikono ya kusali, "hongera guruji", "wewe ni mfano kwetu". Mama naye kaiona. Kaniuliza tu, "Ile si khanga yangu?"

Reinhold Messner, aliyepanda milima yote 14 inayozidi mita 8,000, alipewa nafasi ya kuupanda Kailash miaka ya 1980 akakataa kwa heshima ya wanaouabudu. Mgeni kabisa kaheshimu. Huyu wa kwetu, wa dini yetu, kamheshimu nani?

Mwaka wa Farasi mwingine ni 2038. Mama atakuwa na miaka 80. Ile safari ya serikali ya India yenyewe mwisho ni miaka 70. Sitaki hela yake. Nataka aandike kwenye lile lile grupu: nilikalia farasi wa mama wa watu. Basi.

---

MzeeWaFeri
Nimewahi siti ya mbele. Uzi uendelee.

Chumvini
Ngoja kwanza. Miwani ya jua ndani ya hekalu... ni yule aliyekuwa na duka la vitambaa akahamia mambo ya safari?

Kisutu_Kwetu
Nimesema sitaji jina.

Chumvini
Basi ni yeye. Huyo shemeji yangu bado anamdai tangu enzi za vitambaa.

Msomi_wa_Mtaani
Nisaidieni hesabu. Kama mzunguko mmoja mwaka huu ni sawa na 13, basi aliyeiba farasi mmoja mwaka huu kaiba farasi 13?

MzeeWaFeri
Huo sasa ni wizi wa mifugo, apelekwe kituoni.

Bwana_Hatua
Pole kwa mama, lakini wewe kijana mzima umeshindwa kumkimbilia farasi anayetembea? Mimi ningemshusha palepale.

Kisutu_Kwetu
Karibu mita 5,000 juu ya bahari, na mama yangu namshika mkono gizani. Kimbia wewe. Nimuache mama peke yake kwenye barafu nikapigane?

Bwana_Hatua
Sawa mkuu, nimeelewa. Ila ningemrushia hata kiatu.

Punda_wa_Lamu
Kuja Lamu bana. Punda wamejaa, hewa ni ya kutosha na hakuna mtu atakukalia punda wako. Mama atazunguka mji mzima na jioni anakula samaki.

Nesi_Mstaafu
Naomba niulize kwa upole. Hakuna uwezekano kwamba huyo mzee alizidiwa usiku? Ugonjwa wa mwinuko hauna mwenyewe, nimewahudumia wengi walioshushwa Kilimanjaro.

Kisutu_Kwetu
Mama, shikamoo. Nakuuliza wewe mtaalamu: mtu akizidiwa na mwinuko anapelekwa juu au anashushwa chini?

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Anashushwa. Tena haraka.

Kisutu_Kwetu
Yeye kapanda mita 600 zaidi, juu ya farasi wa mama yangu, akiwa na simu mkononi anatabasamu. Ugonjwa gani huo?

Binti_Pangani
Mimi nimekwama kwenye khanga. Imeandikwa nini?

Kisutu_Kwetu
HASIDI HANA SABABU.

Binti_Pangani
Yesu wangu na Maria! Kakalia jibu lake mwenyewe!

Chumvini
Nimeisimamisha sekunde ya tisa. Wakuu inasomeka kabisa, "...DI HANA SAB...". Nimelia.

MzeeWaFeri
Khanga imetoa ushahidi, mahakama inaahirishwa.

Parklands_Mkale
Niko Nairobi, sisi ni Wajaini. Kwetu Ashtapada, pale karibu na Kailash, ndipo Rishabhadeva, Tirthankara (mwalimu mkuu wa dini) wetu wa kwanza, alipofikia ukombozi, kwa hiyo huo uchungu wa mama naujua sana. Lakini wacha nami niseme yangu. Sisi tulipitia Nepalgunj, tukaruka hadi Simikot, na kutoka Simikot ni helikopta hadi Hilsa mpakani. Mawingu yakafunga. Watu wamelala chini kwa lodge, wazee wanakohoa, chakula ni dal, yaani dengu, na wali, dal na wali. Hali ya hewa ikafunguka kidogo tu, helikopta ya kwanza ikaja, na nani alikuwa wa kwanza kupanda? KIONGOZI WETU. Na begi zake mbili! Alituachia maneno, eti anaenda kutushikia vyumba Purang, ng'ambo ya mpaka.

Kisutu_Kwetu
Pole ndugu. Lakini yenu ilikuwa helikopta ya kundi. Huyu kachukua farasi aliyelipiwa, mwenye khanga ya mama juu yake.

Parklands_Mkale
Na sisi tulilipia helikopta pia!

Bwana_Hatua
Kwa nini viongozi wa safari za ibada wote wako hivi? Dini zote. Niambieni mmoja aliyelala nje watu wake wakalala ndani.

Mhaya_wa_Kweli
Hapo umegusa kidonda. Mimi Namugongo, tarehe 3 Juni, Mashahidi wa Uganda. Tulitembea toka Masaka, miguu imevimba, soksi zimegandamana na malengelenge. Kuna kaka mmoja kwenye kundi letu, muimba kwaya maarufu, parokia nzima inamjua. Tukifika Mpigi hayupo. Tukasali tukidhani kapotea. Tunakaribia Namugongo huyoooo anatokea kwenye kichochoro, anashuka bodaboda, anampa dereva hela, anaanza KUCHECHEMEA. Kuchechemea! Akapokelewa na vigelegele akanawishwa miguu.

Binti_Pangani
Alichechemea mguu gani?

Mhaya_wa_Kweli
Ndiyo nasema! Alianza na wa kushoto, mbele ya padri ukawa wa kulia.

Msomi_wa_Mtaani
Kwangu huyu anamzidi huyo wa farasi. Angalau wa farasi hakuchechemea.

Kisutu_Kwetu
Jamani, mama yangu alirudishwa kinyume cha mlima analia. Msilinganishe na bodaboda.

Mhaya_wa_Kweli
Kila mtu na msalaba wake mkuu, mimi nilichubuka nyayo zote mbili.

Darajani_Boy
Nyote mmekaa kwenye farasi na bodaboda, sisi wa Hija mbona hamtuulizi? Tuliambiwa hoteli hatua chache kutoka Msikiti Mtukufu. Hatua chache! Tumefika Makka tunapakiwa kwenye basi, basi linakwenda, linakwenda, tunashushwa Aziziya. Mama mkwe wangu anauliza, "Msikiti uko wapi?" Kiongozi anaonyesha kwa mkono upande wenye jengo la saa, kwa mbali kule, eti "pale pale, unauona?" Hata mwezi nauona, niambie naufikia lini!

Nesi_Mstaafu
Aziziya na sisi tulikaa. Lakini basi zilikuwepo.

Darajani_Boy
Mama, basi zilikuwepo mpaka siku zilizokaribia Arafa zikasimamishwa. Na yeye kiongozi alikuwa kalala wapi siku hizo? Hoteli ya mbele ya msikiti! Tulimkuta kwenye ngazi za hoteli na taulo jipya.

Chumvini
Ngoja. Huyo wako anavaa kofia ya kijani na anapenda kusema "subira wapendwa"?

Darajani_Boy
UMEMJUAJE???

Chumvini
Alimpeleka mama yangu mkubwa. Kamwambia nyama ya kuchinja imeshalipwa, kufika kule akatozwa tena.

Mkojani_1
Hata baba yangu! "Subira wapendwa" huku anakula biriani ya peke yake kwenye kontena!

Kisutu_Kwetu
Naomba turudi kwenye mada. Video bado ipo, na sasa kaongeza nyingine, ya Gauri Kund, lile ziwa takatifu chini ya Dolma La.

Darajani_Boy
Mkuu tutarudi. Chumvini, mama yako mkubwa alikwenda mwaka gani? Sisi 2023.

Chumvini
2023 hiyo hiyo! Chumba cha watu wanne wakawekwa saba?

Darajani_Boy
SABA! Na bafu moja! Nafungua uzi wake sasa hivi, njooni wote na risiti zenu.

MzeeWaFeri
Tuwekee linki, nahamisha siti.