Naomba ushauri: miche ya mkwaju kwenye udongo wa chumvi

Wakulima wenzangu, naomba ushauri. Nimepanda miche ya mkwaju, mti ambao matunda yake hutumika tangu zamani kulainisha choo, katika shamba ambalo udongo wake ukikauka huacha utando mweupe wa chumvi. Kingo za majani ya chini zimekauka na kuwa za kahawia, ingawa juu miche bado inachipua. Kipimo cha udongo kimeonyesha pH (kiwango cha asidi au alkali) ya 8.9, yaani alkali nyingi, na maji hutuama kila ninapomwagilia, hivyo nashuku kwamba tatizo kubwa ni sodiamu, elementi ya chumvi inayofanya udongo ugande na kuzuia maji kupenya. Je, nitangulize jasi (madini yenye kalsiamu yanayosaidia kuondoa sodiamu) ndipo nisafishe udongo kwa maji yasiyo na chumvi, au nihamishie miche kwenye matuta kwanza? Samadi nimeshaweka, pengine kupita kiasi.