Nyumba ya kupanga inavuja baridi: serikali inasaidia?

Mama Watatu: Habari zenu. Tunapanga hapa Columbus, Ohio. Baridi inapenya hadi pazia linacheza, bili ya gesi haishikiki. Nasikia serikali inaziba nyumba za wenye kipato kidogo bure. Wapangaji tumo?

Fundi wa Dari: Mmo, dada. Ni Weatherization Assistance Program, ipo tangu 1976. Kipato cha kaya kisizidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini. Mwenye SSI, ile posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, anaingia moja kwa moja. Ila mwenye nyumba lazima akubali. Kazi yangu ndiyo hiyo: tunafunga feni kubwa mlangoni, inavuta hewa kuipeleka nje, na kila tundu linajitaja lenyewe. Madirisha mapya usiyategemee sana. Joto jingi hupotelea darini, ndiko tunakomwaga ile sufi ya karatasi zilizosagwa.

Kaka Mpole: Halafu mwenye nyumba apandishe kodi!

Fundi wa Dari: Kwa sababu ya kazi hiyo haruhusiwi, kwa kipindi kilichowekwa. Dai nakala ya makubaliano. Na foleni ni ndefu, dada, kwa hiyo bili ya sasa ombea LIHEAP, huo ni mfuko mwingine wa serikali, wa kusaidia kulipa bili za nishati.

Mama Watatu: Asante kaka. Huyu mzee mwenye nyumba kusaini ndiyo shughuli.