Nyuso zinatoka kijivu na rangi inapasuka picha ikikunjwa. Nirekebishe wapi?

Kasia_Kirumba: Wakuu, kwema? Najifunza kuchora mwenyewe hapa Mwanza. Nachora watu wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki ufukweni mwa ziwa: wabeba magunia, kina mama wanaoanika dagaa. Natumia amerikani, juu yake rangi ya maji ya ukutani, kisha akriliki, ile rangi ya wachoraji inayozimuliwa kwa maji. Ngozi zinatoka kijivu, na picha ikikunjwa kwa safari ya basi inapasuka. Tena wateja wanalalamika kwamba watu wangu wote wanaonekana wa kuhurumiwa.

Fundi Fremu: Mkuu, anza na kitambaa. Amerikani ya dukani ina wanga. Ifue kwa maji ya moto, ikauke, ndipo uiwambe kwenye fremu. Gundi nyeupe ya mbao kipimo 1 kwa maji vipimo 3, paka mara moja, acha ilale.

Kinachopasuka ni ile rangi ya ukutani. Ya bei ya chini imejaa chokaa, gundi yake haba, na ukiizimua kwa maji ndiyo unaimaliza kabisa: unabaki na unga mkavu usiopindika. Nunua ya maji ya kuta za nje, yenye akriliki. Tabaka 2 nyembamba, moja mlalo na moja wima, msasa namba 220 katikati. Kwenye kusafirisha usikunje, viringisha juu ya bomba la inchi 4, upande wenye rangi ukitazama nje.

Na usishawishike kumalizia kwa rangi ya mafuta ya kopo. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, alipoanza Dar mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za baiskeli, sawa, lakini alichorea juu ya ubao. Ubao hauviringishwi.

Bi Brashi: Kijivu kinatokana na nyeusi na nyeupe. Nyeusi iache kabisa, nyeupe iweke kando kwanza. Kivuli: kahawia nyekundu vipimo 2, bluu nzito 1. Ngozi yenyewe: kahawia hiyohiyo na njano ya udongo, bluu tone tu. Mchana pale ufukweni, paji la uso na mabega huchukua bluu ya anga, chini ya kidevu hurudi rangi ya joto ya mchanga. Nyeupe kidogo iingie kwenye sehemu zinazotazama juu, basi. Jaribu pembeni na usubiri ikauke, maana akriliki ikikauka hukoza.

Kuhusu huruma: unaweka mzigo usoni. Uweke mwilini. Mwenye gunia, shimo la shingo lake lisimame juu ya kisigino cha mguu uliobeba uzito, bega moja lishuke, vidole vya mguu vishike ardhi. Uso uache ufanye hesabu zake. Machozi ni njia ya mkato, mimi siyapendi.

Ukitaka watu waliotulia, nenda siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wako nchi kavu wanashona nyavu. Omba ruhusa kwanza.

Kasia_Kirumba: Shukrani, Bi. Na jina la kanga walizovaa kina mama, niliandike lote?

Bi Brashi: Hapana. Chora mikunjo kwanza, halafu herufi zifuate mkunjo, nyingine zimezwe humo. Ukiliandika lote kwa mstari ulionyooka, kanga inakuwa bango.