Kura za Mwakilishi Miller-Meeks: je, ni haki kumpima kwa sheria moja?

Mkazi wa Coralville:

Ndugu zangu wa Wilaya ya 1 ya Iowa, kuanzia huku Iowa City na Coralville hadi Davenport, Burlington na Columbus Junction, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimeshaapishwa kuwa raia, na Novemba 2026 nitapiga kura yangu ya kwanza ya Kongresi, kwa hiyo nimeanza kusoma rekodi ya kura za mwakilishi wetu, Mheshimiwa Mariannette Miller-Meeks wa chama cha Republican. Wengi wetu tuliozaliwa Kongo tulikua tukiamini kwamba kura moja haibadilishi kitu. Katika wilaya hii imani hiyo haina msingi, kwani mwaka 2020, ilipokuwa bado inaitwa Wilaya ya 2 na mipaka yake ikiwa tofauti kidogo, Mheshimiwa huyu alishinda kwa tofauti ya kura 6, na mwaka 2024 akamshinda Christina Bohannan wa chama cha Democratic kwa kura 799 tu.

Jambo linalotugawa hapa kanisani ni ile sheria kubwa ya kodi na matumizi ambayo Rais Trump aliitia saini Julai 4, 2025. Mheshimiwa aliiunga mkono Mei 22, muswada ulipopita Baraza la Wawakilishi mara ya kwanza, na akaiunga mkono tena Julai 3 uliporudi kutoka Seneti. Wapo wanaosema kura hizo mbili zinatosha kabisa kumkataa, hasa kwa yale yaliyoipata Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na msaada wa chakula wa SNAP. Wengine wanajibu kwamba sheria yenye mamia ya kurasa haiwezi kuwa mizani ya kazi ya mtu ya miaka mitano, na kwamba ametenda mengine mema ambayo tunayasahau.

Naomba wenye ufahamu wanisaidie kwa hoja na si kwa ushabiki wa vyama. Je, ni haki kumhukumu mwakilishi kwa kura ya sheria moja? Na ikiwa ni haki, ni sehemu ipi ya sheria hiyo tumdai maelezo, kwa kuwa hatuwezi kuuliza kila kitu kwa wakati mmoja?

Muuguzi wa Davenport:

Ndugu Mkazi wa Coralville, kwa maoni yangu ni haki, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, tofauti ya kura ilikuwa ndogo mno. Mei 22 muswada ulipita kwa kura 215 dhidi ya 214, na mbunge mmoja akaandikisha kuwa yupo bila kuchagua upande. Maana yake ni kwamba mbunge yeyote kati ya wale 215 angesema hapana, muswada ungeanguka siku hiyo. Julai 3 kura zilikuwa 218 dhidi ya 214, na wawili wa chama cha Republican, Thomas Massie wa Kentucky na Brian Fitzpatrick wa Pennsylvania, walikataa. Wengine wawili tu wangeungana nao, kura zingelingana 216 kwa 216, na katika Baraza hilo hoja ambayo kura zake zimelingana huhesabiwa kuwa imekataliwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba kura ya wilaya yetu haikuwa na uzito.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, Mheshimiwa ni daktari wa macho, aliwahi kuongoza Idara ya Afya ya Umma ya Iowa, na anakaa katika Kamati ya Nishati na Biashara, kamati ileile iliyoandika sehemu ya Medicaid. Kamati hiyo ilipitisha sehemu yake Mei 2025 kwa kura 30 dhidi ya 24, baada ya kikao kilichokesha usiku kucha na kupita saa 26. Hakuletewa mezani karatasi iliyoandikwa na wengine dakika ya mwisho. Alikuwa ndani ya chumba ilipoandikwa, akiwa na elimu ya tiba ambayo wabunge wengi hawana.

Kilichomo ni hiki. Watu wazima wa umri wa miaka 19 hadi 64 waliopata Medicaid kwa upanuzi wa mpango huo uliofanywa wakati wa Rais Obama watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi, masomo au huduma ya kujitolea kila mwezi, isipokuwa wale waliosamehewa kwa ugonjwa, kulea watoto wadogo na sababu nyingine zilizotajwa. Aidha, ustahiki wao utachunguzwa upya kila baada ya miezi sita badala ya mwaka. Watetezi wa sheria husema kwamba anayefanya kazi hana la kuogopa. Arkansas ilijaribu utaratibu wa namna hiyo mwaka 2018, na katika miezi michache watu zaidi ya 18,000 walipoteza bima kabla ya mahakama kuusimamisha mwaka 2019. Wengi wao walikuwa wanafanya kazi au walistahili kusamehewa. Kilichowashinda ni kuripoti. Ninapomfikiria mgonjwa wangu wa kisukari anayefanya kazi za vibarua kwa wakala tofauti, mwezi huu saa 120 na mwezi ujao saa 60, na barua zote anazopokea zimeandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi, naona wazi ni nani atakayeanguka. Ofisi ya Bajeti ya Kongresi ilikadiria kwamba sheria hii itaongeza watu milioni 10 wasio na bima ifikapo mwaka 2034.

Angalieni pia kalenda. Punguzo za kodi zilianza kuhesabiwa mwaka 2025, ilhali masharti ya kazi katika Medicaid yamewekewa kikomo cha kuanza Januari 1, 2027, yaani baada ya uchaguzi. Mpiga kura ataonja utamu kwanza, na uchungu utamfikia wakati sanduku limekwisha kufungwa. Hili peke yake linatosha kuwa swali la kumuuliza mwakilishi hadharani.

Fundi wa Columbus Junction:

Nawaheshimu wote wawili, lakini naona picha haijakamilika.

Mimi nafanya kazi kiwandani, ambako saa za ziada ndizo zinazolipa karo za watoto na kujenga nyumba kwetu. Sheria hiyohiyo imeruhusu mfanyakazi kuondoa kwenye kipato kinachotozwa kodi ya serikali kuu ile nyongeza ya malipo ya saa za ziada, hadi dola 12,500 kwa mwaka, kuanzia mwaka 2025 hadi 2028. Nafuu ya kodi kwa kila mtoto imepandishwa kutoka dola 2,000 hadi 2,200. Imetengwa pia dola bilioni 50 kwa miaka mitano kwa ajili ya huduma za afya za vijijini. Kwa familia ya watu wanaofanya kazi usiku na mchana haya si mambo ya kupuuzwa, na si kweli kwamba mwakilishi aliyeyapigia kura hakutufikiria hata kidogo.

Tena, tukisema tunasoma rekodi ya mtu, tuisome yote. Januari 2021 alikubali kuidhinisha matokeo ya uchaguzi wa rais, ilhali wenzake wengi wa chama walipinga. Mei mwaka huohuo alikuwa mmoja wa wabunge 35 wa Republican waliounga mkono kuundwa kwa tume huru ya kuchunguza uvamizi wa jengo la Kongresi. Oktoba 2023, katika duru ya pili ya kumchagua Spika, aliacha kumpigia kura Jim Jordan, mgombea wa chama chake, na baadaye akaeleza kwamba alipokea vitisho vya kuuawa. Mtu asiye na msimamo wake hafanyi mambo kama hayo. Tunatoka katika nchi ambako mbunge anaogopa hata kupiga chafya mbele ya wakubwa wa chama; huyu tumpe haki yake.

Mama wa Iowa City:

Kaka yangu wa Columbus Junction, haki yake tunampa, na kura ulizozitaja ni za kweli. Ila kwangu mimi ndizo zinazofanya kosa lake la 2025 liwe zito zaidi. Kama angekuwa mtu asiyeweza kamwe kukataa amri ya chama, ningesema ndivyo alivyo. Kumbe anaweza. Alipoona jambo linagusa dhamiri yake alisimama, tena kwa gharama. Kwa hiyo alipofika kwenye chakula na dawa za watu wa wilaya yake akasema ndiyo mara mbili, naelewa kwamba hapo dhamiri yake haikuona sababu ya kusimama.

Kuhusu nafuu ya saa za ziada, tuwe makini na hesabu. Kinachoondolewa kwenye kipato ni ile nusu ya nyongeza tu, si malipo yote ya saa hizo, na anayelipa kodi kidogo ya serikali kuu hupata kidogo. Zile bilioni 50 za vijijini nazo zina mwisho, ilhali makato ya Medicaid yanakadiriwa kupita dola bilioni 900 katika miaka kumi, na kuanzia mwaka 2028 majimbo yaliyopanua Medicaid, Iowa ikiwemo, yatapunguziwa hatua kwa hatua uwezo wa kutumia kodi wanazozitoza hospitali na watoa huduma wengine wa afya kugharamia mpango huo.

Sasa nitaje lile ambalo hakuna aliyeligusa, nalo linatuhusu sisi kuliko wengine. Kabla ya sheria hii, mkimbizi aliyeletwa Marekani kihalali, akiwemo mama Mkongo aliyekaa kambini Nyarugusu au Kakuma, alistahili SNAP tangu anapofika. Sheria imemwondoa mkimbizi na aliyepewa hifadhi katika orodha ya wanaostahili, ikabakiza raia, wenye ukazi wa kudumu, na makundi machache kutoka Cuba, Haiti na visiwa vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Kwa Medicaid mlango huohuo unafungwa Oktoba 1, 2026. Mkimbizi anaweza kuomba ukazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, kisha anasubiri jibu. Maana yake msaada umeondolewa katika mwaka ule ambao mtu hajui barabara, hana gari, hajui lugha, na watoto wanataka kula. Serikali ndiyo iliyomchunguza, ikamkubali na kumleta, halafu wabunge wakapitisha kwamba akifika asipewe chakula. Sijapata kusikia hoja ya kiuchumi inayonielewesha jambo hili, na ningependa kuisikia kutoka kwa Mheshimiwa mwenyewe.

Liko pia suala la fedha tunazotuma nyumbani. Muswada alioupigia kura Mei 22 uliweka kodi ya asilimia 3.5 kwa fedha ambazo wasio raia wanatuma nje ya nchi. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 5. Seneti ndiyo iliyoshusha hadi asilimia 1, ikaielekeza kwa anayelipa kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hawala ya fedha (money order), na kodi hiyo imeanza Januari 1, 2026. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa Marekani hatozwi, na naomba wazee wetu waambiwe hivyo. Lakini katika rekodi ya kura, Mheshimiwa alikuwa tayari kutoza dola 7 katika kila dola 200 ambazo mtu asiye raia anamtumia mama yake Bukavu. Kupunguzwa kwa mzigo huo si kazi yake.

Nigusie kwa ufupi umeme wa upepo, ambao unatoa zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Iowa. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha wabunge wahafidhina kinachoshughulikia mabadiliko ya tabianchi, na bado aliunga mkono sheria inayokatisha mapema nafuu za kodi za miradi mipya ya upepo na jua. Sielewi kikundi hicho kinatetea nini ikiwa mwenyekiti wake hakutetea hilo.

Fundi wa Columbus Junction:

Dada yangu, kuhusu wakimbizi sina la kupinga, na nilipopiga kura 2024 sikutarajia kwamba tungefika huko. Nabaki na msimamo wangu kuhusu nafuu za kodi, kwa sababu nimeziona kwenye hesabu yangu. Ninachoomba ni kwamba tukienda mbele yake tusimtukane wala kumwita adui. Tumsomee kura zake kwa tarehe, tunyamaze, tumwache ajibu.

Muuguzi wa Davenport:

Hapo tumekubaliana. Niongeze kwamba kura hizi si za kusikia kwa watu. Ofisi ya Karani wa Baraza la Wawakilishi huchapisha kila kura yenye majina, na ile ya Julai 3, 2025 ni kura namba 190. Yeyote anaweza kuifungua na kuona jina lake upande wa ndiyo. Ofisi ya mwakilishi nayo inawahudumia wakazi wote wa wilaya, raia na wasio raia, kwa hiyo wale ambao bado hawana haki ya kupiga kura wasijizuie kuandika barua au kupiga simu.

Mkazi wa Coralville:

Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimekubali kwamba ni haki kumpima kwa sheria hii, kwa sababu aliishiriki tangu kwenye kamati na kura yake ilikuwa miongoni mwa chache zilizoamua. Nimekubali pia kwamba tutaje kura zake za 2021 na 2023 tunapomuuliza, ili ajue tumesoma yote.

Kwa kuwa hatuwezi kuuliza kila kitu, napendekeza tuandike barua moja yenye maswali mawili, na walio tayari kutia saini waniambie. La kwanza: wewe ni daktari na ulikuwa katika kamati; ni mgonjwa gani atakayepona kwa sababu mkimbizi wa mwaka wa kwanza amenyimwa Medicaid? La pili: je, uko tayari kuunga mkono muswada utakaowarudishia wakimbizi haki ya SNAP na Medicaid kabla ya Oktoba 1, 2026, ndiyo au hapana? Barua itakuwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na jibu lolote atakalotoa tutalisoma kanisani lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza neno.