Naomba ushauri: manukato ya Drakkar Noir ya "enzi zile" kwa mzee anayefikisha 60, nichukue ya zamani au mpya?

KijanaWaUmoja

Wadau, nisaidieni kabla sijatoa pesa. Mzee anafikisha miaka 60 Agosti hii. Kuanzia mwisho wa miaka ya themanini hadi katikati ya tisini alikuwa mtu wa Drakkar Noir, ile ya chupa nyeusi. Nimepata mbili hapa mjini:

Ya kwanza ni mpya, ml 100, imefungwa, shilingi 5,500.

Ya pili muuzaji anasema ni "orijino ya 1985", ml 100, boksi limechakaa, haina plastiki, shilingi 14,000. Chini ya boksi imeandikwa Alcohol Denat., Parfum, Aqua, Limonene, Linalool, Butylphenyl Methylpropional, Coumarin, Evernia Prunastri Extract na mengine. Alinipulizia kwenye karatasi: mwanzo ilinuka kama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, baadaye ikatulia. Pampu inatema matone, haitoi ukungu.

Tatizo ni kwamba mzee aliwahi kunusa mpya akasema, "Hii ni sabuni." Ndiyo maana nasita. Nifanyeje?

PuaKali

Boksi lenyewe linamkana muuzaji. Majina kama Limonene, Linalool na Coumarin yalianza kuchapishwa kwenye maboksi ya Ulaya baada ya sheria iliyoanza kutumika Machi 2005, iliyotaka viungo 26 vya harufu vinavyoweza kuwasha ngozi vitajwe kimoja kimoja. Tena umesema kuna Butylphenyl Methylpropional. Hicho kilipigwa marufuku kwenye vipodozi vya Ulaya tarehe 1 Machi 2022. Kwa hiyo boksi limetoka kati ya 2005 na 2022. Hiyo haikuona enzi ya Nyayo hata siku moja. Imezaliwa Kibaki akiwa Ikulu, au baadaye.

Kipimo hiki kinafaa kwa maboksi ya soko la Ulaya. Ya soko la Marekani hayakubanwa na sheria hiyo, kwa hiyo orodha fupi peke yake si ushahidi wa uzee.

Kama bado inakuvuta, linganisha namba ya bechi (kundi la utengenezaji) iliyopigwa chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, boksi na chupa havikuzaliwa pamoja. Na usiziamini sana zile tovuti za kusoma namba za bechi, maana kampuni nyingi hurudia namba zilezile baada ya miaka kadhaa, na tovuti inaweza kukupa mwaka ulio mbali kabisa na ukweli.

Kwa 14,000, hapana.

Dubois_Jioni

Naongezea la chupa. Kioo cheusi cha Drakkar ni baraka na laana. Baraka kwa sababu mwanga, adui mkubwa wa manukato, haupenyi, kwa hiyo chupa kuukuu za Drakkar mara nyingi huwa salama kuliko za kioo cheupe za umri uleule. Laana kwa sababu huoni kilichomo. Chukua mizani ya jikoni, pima chupa hiyo, kisha pima mpya ya ukubwa uleule. Mililita moja ya manukato ya alkoholi ina uzito wa karibu gramu 0.83, kwa hiyo pungufu ya gramu 40 ni kama ml 48 zilizokwisha kwenda. Ni makadirio tu, vioo havilingani gramu kwa gramu, lakini chupa iliyofika nusu utaijua.

Na nusu ni habari mbaya. Nafasi tupu ni hewa, na hewa huiozesha limau na bergamoti (tunda la jamii ya limau) ya mwanzoni. Hiyo harufu ya rangi ya kucha inatoka hapo. Ikitoweka ndani ya dakika 10 hadi 15 na lavenda ikasikika safi, kilichoharibika ni utangulizi tu. Ikiwa baada ya saa nzima karatasi bado ina ukali wa siki, hiyo imekwenda.

Pampu inayotema matone huwa imeziba au raba yake imekauka. Vua kile kibonyezo cha juu, kiloweke kwenye maji ya moto dakika tano, kikaushe kabisa, rudisha, bonyeza mara kumi. Ikikataa basi. Shingo ya chupa hizi imebanwa kwa chuma, haifunguliwi kwa kuzungusha, na wanaoingiza koleo huishia kupasua kioo.

Mchanganyaji

Turudi kwa mzee, kwa sababu hakukosea aliposema sabuni.

Drakkar Noir ilitoka 1982 kwa jina la Guy Laroche, kazi ya mtunzi wa manukato Pierre Wargnye. Ni ya ukoo ambao wataalamu huuita fujeri, ulioanzia kwenye Fougère Royale ya Houbigant ya 1882: lavenda juu, kumarini (harufu tamu ya nyasi kavu) chini, na okimosi, yaani ukoga unaoota kwenye magome ya mwaloni. Jipya la Wargnye lilikuwa kumwaga dihidromirsenoli kwa wingi, karibu asilimia 10 ya mchanganyiko wa harufu. Ni kiungo cha maabara chenye ubaridi wa ndimu na chuma. Kilipendwa mno. Mwaka 1988 manukato ya Cool Water yakazidisha kipimo, na kwa vile ni rahisi na hakiharibiki kwenye povu, kikaingia kwenye sabuni za kuogea, za kufulia na dawa za kwapa. Leo pua inayokutana na Drakkar imeshakisikia kiungo hicho bafuni asubuhi. Mwaka 1986 kilikuwa harufu ya mwanamume aliyevaa suti. Sasa kiko hata kwenye shati lililotoka kufuliwa.

Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni okimosi. Zamani iliwekwa kwa mkono mzito, na ndiyo iliyotia giza, unyevu wa msitu na ule uchungu wa chini. Ikagundulika kwamba inawasha ngozi za watu wengi, chama cha kimataifa cha watengenezaji, IFRA, kikaweka kikomo cha asilimia 0.1 ya bidhaa nzima. Kisha Ulaya ikapiga marufuku molekuli mbili zilizomo ndani yake, atranoli na kloroatranoli: bidhaa mpya kuanzia Agosti 2019, na zote kuondolewa madukani kufikia Agosti 2021. Okimosi ya sasa husafishwa molekuli hizo na inabaki nyembamba.

Ondoa giza la chini, acha ubaridi wa juu ulevile: unabaki na sabuni. Mzee ana pua nzuri.

BintiPangani

Mbona hamumwelekezi kwenye maduka ya kujazia manukato? Mjini yamejaa, na kule Eastleigh anapata mafuta matupu bila alkoholi yanayokaa siku nzima.

PuaKali

Yanakaa, dada, hilo sikatai. Ila jina "Drakkar" kwenye kile kibuyu cha mafuta ni maelezo tu, ni mwigo wa kiwanda kingine. Na mafuta matupu hayafai kwa fujeri hasa: alkoholi ndiyo inayoibeba lavenda na limau kuruka. Bila alkoholi vinalala kwenye ngozi na mzee atakutana na mkia bila kichwa. Duka la kujazia linaweza kukufaa, lakini uliza mambo mawili: mafuta ni asilimia ngapi (15 inatosha, 30 itamziba pumzi kila aliye karibu) na alkoholi ni ipi. Halafu usitumie siku hiyohiyo. Mchanganyiko uliokorogwa mbele yako unanuka alkoholi kwa wiki mbili za mwanzo.

KinyoziMstaafu

Kuna kitu hakijatajwa. Mwanamume wa miaka hiyo hakupuliza chupa moja akatoka. Kulikuwa na seti: sabuni, dawa ya kupaka baada ya kunyoa, dawa ya kwapa, zote za Drakkar, halafu ndipo Eau de Toilette, manukato yenyewe ya kupuliza, ikaja juu. Huyo mzee anakumbuka tabaka nne za harufu moja. Leo mwanamume anaoga na kitu cha nazi, anapaka losheni ya kakao, anamalizia na Drakkar, halafu analalamika kwamba imebadilika.

Nunua mpya. Mtafutie na dawa ya kwapa ya jina hilohilo ukiipata, ukiikosa nunua isiyo na harufu. Aoge na sabuni ya mche isiyo na manukato. Agosti ya Nairobi ni baridi na ngozi inapauka, na ngozi kavu haishiki harufu, kwa hiyo apake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya haragwe kwa sehemu zote za kupulizia. Asubiri dakika tano ndipo apulize.

Na usimpe chupa akiiona. Puliza karatasi, iache saa mbili, mpe anuse bila kumwambia ni nini. Dakika za mwanzo ndizo zenye sabuni nyingi. Saa mbili baadaye ngozi ya wanyama na pachuli hujitokeza, na hapo ndipo wengi humtambua rafiki yao.

KijanaWaUmoja

Asanteni sana, 14,000 nimeiacha. Mchanganyaji, hiyo okimosi haiwezi kurudishwa? Kuna mtu ananiambia niongeze mwenyewe.

Mchanganyaji

Inawezekana, ila usiguse chupa kubwa. Gawa ml 10 kwenye kichupa kidogo cha kioo ufanyie humo.

Usitumie okimosi ya asili. Kwa kikomo cha asilimia 0.1, ml 10 inaruhusu takriban gramu 0.008, chini ya nusu ya tone, na huwezi kupima hilo mezani. Tumia Evernyl, fuwele nyeupe za maabara zenye harufu ya okimosi. Yeyusha gramu 0.5 kwenye gramu 9.5 za alkoholi ya manukato ya asilimia 96, ukitumia mizani inayosoma gramu 0.01. Tikisa mpaka fuwele zote zipotee. Halafu tia matone 6 kwenye ile ml 10, funga, weka kabatini gizani wiki moja, nusa. Ikiwa bado nyembamba ongeza 2. Ukivuka 10 inageuka vumbi la poda na lavenda inazama.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni alkoholi yenye maji mengi: mchanganyiko unapata ukungu au fuwele zinashuka chini. La pili ni spiriti ya duka la dawa. Ile ya hospitali huwa na mafuta ya mbarika na methili salisileti, mzee atanuka kama dawa ya kuchua misuli. Spiriti ya kuwashia stovu isikaribie ngozi kabisa, ina methanoli.

Usipopata Evernyl, acha. Afadhali Drakkar nyembamba kuliko iliyoharibiwa. Na kama mzee anataka ile chini nzito, mnusishe pia Azzaro Pour Homme ya 1978 au Paco Rabanne Pour Homme ya 1973. Nazo zimeguswa na sheria zilezile, lakini hazikujengwa juu ya dihidromirsenoli, kwa hiyo kwangu hazina ile harufu ya bafuni ya Drakkar.

KijanaWaUmoja

Nitajaribu zote tatu kwenye karatasi. Swali la mwisho: sherehe ni ya nje, Karen, saa saba mchana, na atavaa shati jeupe. Ananyoa kwa wembe asubuhi. Apulize wapi, mara ngapi?

Dubois_Jioni

Mara tatu: kifua mara mbili, chini ya shati, na mara moja nyuma ya shingo ndani ya kola. Apulize kabla ya kuvaa, kimiminika kikauke, kisije kikaacha alama kwenye shati jeupe. Yaliyonyolewa asiyaguse kwa saa mbili, alkoholi itamchoma.

Shingo ya mbele na mikono iliyo wazi pia aiache, kwa sababu ya jua. Bergamoti ina bergapteni, ambayo ikikutana na mwanga wa jua huunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi ya miezi. Watengenezaji wa leo wanaipunguza, hivyo hatari ya chupa mpya ni ndogo. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na jirani na ikweta, na mawingu ya Agosti hayazuii miale yote. Aliyekuwa anunue ile ya 14,000 ndiye angekuwa na shida zaidi: limonini na linaloli zikioza huwasha ngozi kuliko zikiwa mbichi. Kitu cha namna hiyo hupulizwa kwenye bitana ya koti tu.

Saa kumi hivi aongeze mara moja kifuani. Chupa isiachwe garini ikisubiri.